Tulimwombea Mama wa Nyuzi Akaamka

Ni miaka mingi sasa nagombana na waandishi wa tamthilia moja ya Uingereza, nao hawajui hata kama nipo duniani. Tamthilia yenyewe ilianza kabla sijazaliwa na bado inaendelea, mtaa ule ule, baa ile ile. Wamenichosha. Watu wanaoana leo wanaachana kesho kutwa. Mtu mpole tuliyemzoea anaamka asubuhi moja amekuwa muuaji, na hadithi ikiwashinda kabisa wanalipua jengo. Nimeapa mara nyingi kwamba sitazami tena, na jioni yake nikajikuta kwenye kochi na kikombe cha chai, nangoja muziki wa mwanzo.

Mama yangu alipokuja kukaa nami huku Burnsville, Marekani, nilimwambukiza. Alikuwa amestaafu ualimu, na Kiingereza cha Wamarekani kilimkera kwa sababu, alisema, wanakitafuna. Cha wale wa tamthilia alikishika wiki ya kwanza. Akampenda mtu mmoja tu: mama mzee mwenye duka la nyuzi za kufumia pale kwenye kona, mjane kama yeye, ulimi mkali kama wake, ambaye akikaa dirishani anamjua kila anayepita na anakokwenda.

Dirishani kwetu hakupita mtu. Kulikuwa na magari yaliyofunikwa na theluji, basi. Mimi nilitoka mapema kwenda kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, yeye akabaki na ukimya. Sanduku lake alilisimamisha nyuma ya mlango, akawa anatoa nguo moja moja na kuirudisha ikishafuliwa. Karatasi zake za kuishi huku zilikuwa tayari, lakini tiketi ya kurudi ilikuwa ya Aprili, na kila nikilitazama lile sanduku roho iliniuma. Siku moja nikamwuliza kwa nini hapangi nguo kabatini.

"Huku hakuna mtu wa kuniuliza nimeamkaje," akasema.

"Mimi nakuuliza, Mama."

"Wewe unaniuliza ukiwa umeshika funguo za gari."

Nilitaka abaki, nilitaka sana, na sikujua nifanye nini.

Ndipo wale waandishi wakamlaza mama wa nyuzi hospitalini. Alianguka dukani kwake, akapoteza fahamu, na binti zake wawili wakaanza kugombania duka hata kabla kitanda hakijapata joto. Mimi kama muuguzi nilitokwa na povu. Wiki tatu mgonjwa amelala chali, hakuna anayemgeuza, na hana hata kidonda kimoja cha kulala! Midomo imepakwa rangi! Mtandaoni mashabiki walikuwa wanasema ataondolewa ili sura changa zipate nafasi. Niliwaandikia watengenezaji barua ndefu ambayo naamini haikusomwa na mtu. Mama hakuandika barua. Niliona tu sanduku limesogea karibu zaidi na mlango.

Sasa, sisi akina mama wa Kikenya wa miji hii tuna maombi ya simu. Saa kumi na moja alfajiri wote mnapiga namba ile ile, kila mtu anazima kipaza sauti chake, na mke wa mchungaji, ambaye wote tunamwita mama mchungaji, anaongoza. Wengine wanasikiliza wakienda kazini, wengine ndio wanatoka zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo kule Shakopee, mji wa jirani, miguu imewaka moto. Mwishoni anauliza nani ana hitaji, na mwenye nalo anafungua sauti na kulisema. Nilikuwa nimemwunganisha Mama, naye akasikiliza kwa wiki mbili bila kutoa neno.

Asubuhi moja nikiwa kwenye barabara ya 35, theluji inapiga kioo, nikasikia sauti yake kwenye spika za gari.

"Kuna mama mmoja namjua," alisema. "Amelala hospitali wiki ya tatu, hajitambui. Binti zake wanagombania duka lake, na hakuna anayemshika mkono. Naomba tumkumbuke."

Nilimtambua mgonjwa papo hapo. Ningeweza kufungua sauti yangu nikasema, jamani, ngojeni kidogo. Lakini mama mchungaji alikuwa ameshaanza, na alimwombea yule mwanamke kwa nguvu ambayo sijaisikia hata kwa wagonjwa halisi. Akawakemea wale mabinti. Akaomba madaktari wapewe hekima. Alipomaliza nilisema amina, nikiwa na akili zangu timamu, mikono miwili kwenye usukani.

Jioni sikumwambia Mama kitu, naye hakuniambia. Asubuhi iliyofuata mama mchungaji akaanza na yeye, akimwita Shosho, yaani bibi: "Shosho, umeamkaje? Na mgonjwa wetu?" Mama akajibu kwamba ameamka vyema, mgonjwa bado amelala. Ikawa hivyo kila siku. Mimi nikazidi kunyamaza, kwa sababu nilianza kumsikia akiimba jikoni.

Jumamosi mchana kengele ikalia. Nilifungua mlango nikakuta wanawake kumi na mmoja wamejaa kwenye ngazi, na masufuria yao, na chupa za chai, na mmoja, wa kule ghalani, amekumbatia chupa ya uji wa wimbi wa mgonjwa. Nilipaswa kulitarajia. Sisi hatumwombei mtu wiki nzima bila kwenda kumwona.

"Shosho, Bwana asifiwe!" mama mchungaji akasema. "Leo tumesema hatuombi kwa simu. Tuambie ni hospitali gani, magari yako warm, tuta-drive tukifuatana."

Mama akanitazama. Nikatazama zulia. Angeweza kusema mgonjwa amehamishwa, au ndugu zake wamekataza wageni, na mambo yangeisha kwa heshima. Badala yake akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Mgonjwa yuko pale," akasema. "Ni wa tamthilia. Nilijua hivyo hata nikimwombea. Lakini kila asubuhi kila mtu alikuwa na mtu wake wa kutaja. Mimi huku sina mtu."

Nilisikia aibu, kisha nikasikia uchungu uliozidi aibu. Nikajikuta nasema, "Hata mimi nilijua. Na nilisema amina."

Yule mwenye uji akaweka chupa yake mezani, akavua koti taratibu, akakaa kwenye kochi langu.

"Sasa Shosho," akauliza, "huyo anataka duka ni daughter wa kwanza ama ni yule mdogo?"

Hapo nyumba ikafunguka. Tulirudisha vipindi nyuma hadi siku aliyoanguka, Mama akieleza nani ni nani kwa sauti ya mwalimu, chapati zikizunguka. Zaidi ya nusu ya wale wanawake ni wauguzi, na walipoona wodi ile walipiga kelele kuliko mimi. "Mgeuzeni! Ai, kwani hapo hakuna nurse?" Nilifurahi kama mtu aliyepata mashahidi baada ya miaka ya kusema peke yake. Jumamosi iliyofuata walirudi, na iliyofuata tena.

Jumamosi ya tatu, kidole cha mama wa nyuzi kilicheza. Tukaacha kutafuna. Macho yakafunguka, akamtazama binti yake mkubwa aliyekuwa anapekua mkoba wake, akamwambia arudishe funguo za duka. Vigelegele vilivyopigwa mle ndani vilimleta jirani wa chini, mzee wa Kizungu ambaye hajawahi kunisalimu, akitaka kujua kama kuna aliyeumia. Akarudi kwake na chapati mbili. Najua kipindi kile kilirekodiwa miezi mingi kabla ya maombi yetu. Mtu asinikumbushe. Tuliwashinda waandishi wale, na huo ndio msimamo wangu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa barabarani kama kawaida. Mama mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, na Mama akafungua sauti.

"Mgonjwa wetu ameamka," akasema. Amina zikamiminika. Akangoja zitulie. "Na kuna lingine. Jana nimepanga nguo kabatini. Aprili siendi."

Nilitoka kwenye barabara kuu, nikaegesha kando ya kituo cha mafuta. Machozi hayakuniacha nione vitufe vya simu. Nilikuwa sijawahi kufungua sauti yangu kwenye maombi yale. Nikaifungua.

"Mama," nikasema mbele ya wote, "umeamkaje?"

"Vizuri, mwanangu," akajibu. "Sasa endesha, utachelewa kazini."