Msichana Aliyesubiri Zamu Buchani

Jirani yangu Burulkan alipika miaka ishirini na mitatu katika nyumba ya watoto yatima ya mji wetu, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyevuka kizingiti cha jiko lake. Ndiyo ilikuwa amri: visu, moto na mafuta yanayochemka si vitu vya watoto. Walipanga foleni dirishani, wakapokea sahani, wakala, wakarudisha. Burulkan mwenyewe aliiona amri hiyo kuwa ya busara. Alikuwa mjane, mwanawe wa pekee yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, na hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa.

Aliyemfungua macho ni Ayzirek, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, asiyeinua sauti. Siku ya Nooruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua mtoto mmoja mmoja nyumbani kwao, na Burulkan akamchukua huyo. Nilikuwepo mezani. Alimmiminia chai nusu bakuli kama ada yetu, msichana akaonja, akaweka chini.

"Vipi, ya moto sana?"

"Hapana, eje," akasema, kama tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri. "Ila imeharibika."

"Imeharibika? Nimeipika sasa hivi!"

"Haina utamu."

"Si utie sukari, mwanangu? Hiyo hapo mbele yako."

Ayzirek akaitazama sukari, kisha akatutazama sisi. "Kwani sukari huwa inatiwa?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Burulkan hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina sukari kwenye sufuria kubwa kila asubuhi, tangu mtoto huyu ana miaka mitatu. Na baada ya miaka miwili mtoto huyuhuyu angepewa begi na cheti, aambiwe nenda salama.

Kesho yake Burulkan alikwenda kwa mkurugenzi kumwombea ruhusa.

"Nampa kibali cha kila Jumamosi akafanye nini kwako?" mkurugenzi akauliza.

"Akaharibu vitu."

Ilichukua wiki tatu na barua mbili. Katika ya pili Burulkan aliandika kwamba mtoto akiungua, lawama ni zake peke yake.

Na vitu viliharibika kweli. Wali uliungua hadi sufuria ikabidi itupwe. Shuka nyeupe zilifuliwa pamoja na soksi nyekundu. Siku moja Ayzirek aliwasha jiko la makaa ya mawe bila kufungua bomba la moshi, nikawaona wote wawili wakitoka mbio uani, wanakohoa, nyuso nyeusi kama wachimba migodi.

"Eje, ukinifukuza nitaelewa," msichana akasema.

"Nikufukuze kwa nini? Bado nina sufuria nne nzima. Rudi ndani, fungua bomba, washa tena."

Kupika alijifunza. Kilichomshinda ni watu. Maisha yake yote alikuwa akiambiwa sasa kaa, sasa kula, sasa lala. Hakuwahi kumwambia mtu mzima anachotaka. Vuli ilipoingia, Burulkan akamtuma sokoni peke yake, kilo moja ya nyama ya kondoo, paja. Alitoka saa tatu asubuhi. Saa sita alikuwa hajarudi. Burulkan akavaa koti, akanigongea, tukaenda pamoja.

Tulimkuta hatua tatu kutoka kwenye meza ya muuza nyama, mfuko umekunjwa mkononi, amesimama wima. Watu walikuja, wakampita, wakanunua, wakaondoka. Nikafungua mdomo nimwite, Burulkan akanivuta mkono.

"Mwache."

"Tangu asubuhi amesimama, wewe huna huruma?"

"Tukimwita leo, atasimama hivyo mpaka awe bibi."

Tukajificha nyuma ya mazulia yaliyotundikwa kwenye kibanda cha jirani. Nasema kweli, niliona ni ukatili. Mwishowe muuza nyama mwenyewe akamgeukia.

"We binti, vipi, umeajiriwa kulinda nyama yangu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nasubiri zamu," Ayzirek akasema kwa sauti ya chini.

"Zamu! Hapa zamu ni mdomo, mrembo!"

Mama mmoja mnene akajipenyeza mbele na kikapu chake. Nikaona shingo ya msichana ikiwa nyekundu.

"Mama, samahani, mimi nilikuwa mbele yako," akasema. Halafu, kwa nguvu zaidi: "Nilikuwa mbele ya hawa wote!"

Muuza nyama akamkatia mafuta ya mkia na mfupa mkubwa.

"Hiyo kampe mbwa wako," Ayzirek akamwambia. "Mimi nataka paja."

Ilikuwa sauti ya Burulkan, ileile anayowagombezea watu wanaoleta viazi vibovu jikoni kwake. Burulkan aliyekuwa kando yangu alijifunika mdomo kwa kitambaa chake, mabega yakimtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Alipotimiza miaka kumi na minane Ayzirek alipata kazi ya kushona katika kiwanda kidogo huko Bishkeki, mji mkuu, na chumba cha kuishi na wenzake wawili. Mwezi wa kwanza alipiga simu kila siku. Maharage huchemka muda gani? Nina homa, niende wapi? Burulkan hakumjibu upesi. "Wewe unaonaje?" ndilo lilikuwa jibu lake. Kisha simu zikapungua, na baridi ilipokaza zikakoma kabisa.

"Kanisahau," akaniambia, uso ameugeuzia pembeni.

Alipanda basi bila kutoa taarifa, na mtungi wa jemu mkononi. Alirudi jioni ileile. Nikamuuliza vipi.

"Alikuwa anatoka kwenda kazini. Kaniambia, 'Eje, ungenipigia kwanza, leo sina nafasi, njoo Jumapili.' Akanipakulia supu, akanionyesha mahali pa kulala kama nimechoka, akaondoka zake."

"Na supu yenyewe?"

"Chumvi haitoshi," akasema. Akavua buti zake za theluji, akazipanga karibu na jiko. "Nilikula bakuli mbili."

Jumapili alikwenda tena. Safari hiyo alipiga simu kwanza.