Chai Nyeusi kwa Maji ya Rangi

Mama yangu mdogo hupaka rangi vinyago vya mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchongwa, kule Tabaka. Wachongaji humletea tembo, mabakuli na sahani. Yeye huvisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, huvikausha juani, huvipaka rangi, kisha huchora maua kwa ncha ya kisu. Brashi na mikono huoshwa katika beseni lile lile. Kwa miaka mingi maji ya beseni yalimwagwa nyuma ya kibanda yakateremka hadi kwenye kijito, na hakuna aliyeuliza.

Kisha Ijumaa moja jirani wa chini, mama anayeongoza kwaya ya kanisa letu, alifua mashati meupe ya wanakwaya kwa ajili ya Sabato, yakatoka na wekundu hafifu kama ufizi wa mtoto. Hakupiga kelele. Alikuja na shati moja akalitandaza juu ya meza ya kupakia rangi.

“Dada, hii ni rangi yako,” alisema. “Tunakaa benchi moja kanisani, kwa hiyo nakuja kwako kwanza. Nakupa mpaka Ijumaa ya pili. Yakitoka hivi tena, shati hili nitampelekea mzee wa kijiji, na rangi utaenda kuipaka kwingine.”

Mama mdogo hakuwa na kwingine. Kibanda kiko kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu mumewe. Alinipigia simu mimi kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayejulikana kwa kucheza na maji.

Jina hilo nilijitafutia. Nilipomaliza kidato cha nne sikwenda chuo. Nilibaki nyumbani Nyamira, nikawa nachuma chai asubuhi na kujisomea kemia kwenye simu jioni. Nilijaza madaftari matatu. Ukweli ni kwamba nilijaza moja tu. Hayo mengine mawili ni nakala zake, kwa sababu nikikosea neno moja nilikuwa naandika ukurasa mzima upya. Sikupenda mtu aone mahali nilipofuta.

Kitu nilichokuwa nikijifunza kinaanza na majani ya chai, ambayo kwetu hayahitaji kutafutwa. Ukiyachemsha mabichi, hutoa maji makali yanayokaza ulimi. Ukiyamimina maji hayo kwenye salfati ya chuma, ile inayouzwa katika maduka ya pembejeo kwa mimea iliyopauka, yote hugeuka meusi papo hapo kama wino. Ndani ya weusi huo kuna chembe za chuma ndogo mno, ndogo kuliko chochote ambacho jicho linaweza kufikia. Hizo ndizo kichocheo. Ukiongeza dawa ya vidonda inayotoa povu, chembe zinaifanya ikatekate rangi vipande vipande mpaka isiwe rangi tena. Sina darubini ya kuzionyesha. Nilichoweza ni kuchanganya tone moja na maji mengi na kupitisha mwanga wa kalamu ya leza. Mstari wa mwanga ulionekana ndani ya glasi, jambo ambalo maji matupu hayafanyi. Siku hiyo nilikaa chini kwa furaha, halafu nikarudia jaribio mara sita kwa hofu kwamba nimejidanganya.

Mama mdogo alinitumia unga wa rangi yake nyekundu. Niliukoroga katika maji ya mvua niliyoyachuja kwa kitambaa safi, nikatia dawa yangu nyeusi na ile ya povu, na kabla ya chakula cha mchana wekundu ulikuwa umetoweka. Nilimpigia simu nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sijui ni nini kilinifanya nitamke maneno hayo, mimi ambaye huwa na wasiwasi hata nikifunga mlango.

Nilifika Tabaka Jumanne. Jumatano asubuhi nilitia dawa kwenye ndoo ya maji ya beseni lake mwenyewe, maji halisi, mazito na mekundu. Jirani alikuwa amealikwa aje kuona. Nilingoja saa moja, saa mbili. Maji yalizidi tu kuwa machafu, wekundu ukawa na matope ya kutu. Nikaongeza dawa. Hakuna. Nikasikia jirani akibisha langoni na mama mdogo akienda kumpokea, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikioga, husimama nikafumba macho. Nilichukua chupa ya blichi iliyokuwa karibu na kamba ya nguo, nikaimimina ndooni. Nilijua kwamba haifai kuchanganywa ovyo na dawa nyingine. Nilimimina hata hivyo. Maji yalitoa povu, yakafifia.

Jirani aliinama juu ya ndoo akavuta pumzi.

“Maji haya yananuka kama nyumba ya dobi,” alisema.

“Ni dawa,” nilijibu.

“Najua ni dawa. Nimefua miaka thelathini, mwanangu.” Alinitazama, kisha akamgeukia mama mdogo. “Ijumaa nitateka maji mahali pale pale nikafue. Mimi sibishani na msichana wa watu. Mashati yatasema.”

Alipoondoka nilibeba ndoo ile mpaka kwenye shimo la taka, mbali na kijito, nikaimwaga humo. Niliporudi, mama mdogo alikuwa anasugua bakuli kwa msasa.

“Mama mdogo, nilitia blichi.”

“Chupa ilikuwa nusu asubuhi, sasa ni tupu, na wewe hujafua hata soksi,” alisema bila kuinua macho. “Nilikuwa nangoja uniambie. Kaa.”

Nilikaa nikalia. Nilimwambia kwamba nimempotezea siku, kwamba kule nyumbani ilifanya kazi, kwamba labda kule pia nilikosea na sikuona. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: dawa yako inapenda nini?

“Inapenda maji yenye uchachu kidogo,” nilisema. “Uchachu ukipungua, hulala.”

Alicheka mpaka bakuli likamponyoka na kutumbukia majini.

“Basi umekuja kuitafutia uchachu Tabaka? Nilipokuwa na mimba ya kwanza, kiungulia kilinichoma kama moto. Unajua nilifanya nini? Nililamba vumbi la jiwe hili. Wote hapa tulilamba. Kiungulia kinazima hapo hapo.” Akanionyesha kidole chake chenye vumbi jeupe. “Hili jiwe halikai na uchachu. Linaumeza.”

Nilimtazama yule mwanamke ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa kemia, nikaelewa. Nyumbani nilichuja maji. Nilipenda jaribio langu liwe safi, nikalinyima kitu kile kile ambacho kila beseni la Tabaka linacho. Nilikamua limau juu ya vumbi kidogo, vipovu vikatokea.

Alhamisi tulianza upya. Maji ya beseni tuliyaacha yatulie mpaka vumbi lote likashuka, tukayachota juu polepole kwa kikombe. Tukakamua malimau, ndoo nzima ikakaribia kuchacha kama juisi. Kisha nikatia chai yangu nyeusi na dawa ya povu. Mama mdogo aliendelea na kazi yake. Mimi nilikwenda kuangalia kila baada ya dakika chache hata akaniambia nitayachosha maji. Wekundu ukawa kahawia, kahawia ikawa kama chai iliyotiwa majani machache. Alasiri niliona chini ya ndoo. Hatukuyamwaga yakiwa na uchachu. Tulirudisha vumbi la jiwe humo ndani, likameza uchachu wote na kushuka na kutu yote, na juu yakabaki maji meupe.

Hayakuwa meupe kabisa. Yalikuwa na umanjano hafifu ukiyatazama kwenye glasi, na nilitaka kuanza tena.

“Unataka kuyanywa?” mama mdogo aliuliza.

“Hapana. Sio ya kunywa.”

“Basi yaache yaende.”

Ijumaa hiyo maji yote ya kibanda yalipita ndooni kwanza. Mchana jirani alifua. Sikuthubutu kwenda, nilichungulia kupitia migomba. Alianika shati moja, akalisogelea, akaligeuza kola, akalinusa. Kisha akaanika la pili, na la tatu, na hakuja kwetu. Kabla ya jua kuzama alipita langoni, akamrushia mama mdogo lile shati la rangi ya waridi.

“Lipasueni mfutie brashi,” alisema. “Na huyo dobi wenu mdogo mwambie aje Sabato. Nataka kumwona akiwa ametulia.”

Nilikwenda. Wakati kwaya inaimba nilikagua kola moja baada ya nyingine, safu ya mbele, safu ya nyuma, na mama mdogo akanifinya paja ili nisikilize wimbo. Zote zilikuwa nyeupe.

Jumapili, nikiwa nyumbani Nyamira, niliandika habari za Jumatano kwenye daftari la kwanza, blichi na yote. Nilikosea neno katikati. Nikalikata kwa mstari mmoja nikaendelea.