Mama Katikati, Nashipae Mlangoni

Nyinyi mliokulia upande wa Kajiado enzi za redio kaseti hamhitaji kuelezwa. Redio ilikuwa mtu mzima pale nyumbani. Yetu ilivishwa kitambaa cha kufuma, na kuigusa bila ruhusa ya Baba ilikuwa kutafuta kiboko kwa hiari yako. Tulicheza bano na brikicho mpaka vumbi likatubadilisha rangi, kisha tukaingia ndani kunywa maziwa ya kibuyu yanayonukia moshi. Upepo ukianza kwenye mabati, tulisogeleana. Upepo wa kule ulikuwa na tabia ya kutaja majina ya watu. Unasikia jina lako, unatoka nje, hakuna mtu, ni mbuzi tu na migunga.

Ndiyo maana Mama alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko amri za Mungu. "Ukiitwa mara moja, nyamaza. Mtu wa kwetu ataita mara ya pili." Watoto wa siku hizi unawaita mpaka koo linakauka, wamekodolea simu, hawaitiki ng'o. Mama angewasifu sana bila kujua.

Alasiri moja Baba alileta kaseti tupu, akasema anataka kurekodi Mama akiimba wimbo wa kanisani. Ile redio ilikuwa na maiki mbili ndogo, moja kila pembe, na Baba alijivunia hizo maiki kama mtu aliyezitengeneza. Mama alisimama mbele ya meza, katikati kabisa. Mimi niliwekwa kushoto na kayamba. Nashipae, mdogo wangu, aliambiwa akae kizingitini mwa mlango, upande wa kulia, na asifungue mdomo. Alikuwa bado hajaanza shule.

Mvua iliyofuata haikumkuta. Alishikwa na homa, ikamchukua upesi kuliko tulivyoweza kumfikisha kwa daktari. Picha yake tulibaki na moja, nayo jua liliila. Uso wake bado ninao kichwani, lakini sauti niliisahau, na hilo liliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Siku hizi niko na studio Kitengela, ghorofani juu ya duka la vyakula vya mifugo. Kazi yangu ni kuchanganya muziki. Vijana wanaingia na hedifoni shingoni, hata hawajanisalimia, "Prodyusa, ipanue, ijae!" Wanataka sauti iwazunguke. Basi napeleka gitaa kushoto, kayamba kulia, mwimbaji namwacha katikati. Kuna pia mbinu ya kuligeuza wimbi la sauti la upande mmoja, pale lilipopanda lishuke. Sauti hapo inatoka kabisa kwenye spika na kusimama nyuma ya masikio yako, na mgeni wa kazi hii hugeuka kuangalia ni nani ameingia. Mimi mwenyewe bado hugeuka.

Mwaka huu Baba alinipigia simu. Mama alishatutoka, na Baba mwenyewe sikio la kushoto lilishakufa, la kulia lilikuwa linafuata. "Naserian," akasema, "kabla sikio hili halijaziba, nataka kumsikia mama yenu." Nikaitafuta ile kaseti, nikaiingiza kwenye kompyuta. Sauti ilikuwa imekonda, imesinyaa. Nikaipanua kwa ile mbinu ya wimbi, na Mama akasimama pande zote za kichwa changu. Kila anayefanya kazi hii anajua ni lazima usikilize pia kwa spika moja kabla hujampa mtu. Lakini nilikuwa nalia, nikasahau.

Jumapili nikampelekea Baba kwa flashi. Alikaa kivulini nje ya jikoni, akaiweka redio yake ndogo ya spika moja kwenye sikio lililobaki. Kayamba yangu ikasikika, upepo, mbwa wetu wa zamani. Mama hakuwepo.

"Mama yako ameenda wapi?" akaniuliza, na uso wake sitausahau.

Nikamweleza kwamba nimeharibu. Zile pande mbili zikiingizwa kwenye spika moja, kilichokuwa katikati kinajiua, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake. Mlango hauendi popote. Kinachobaki ni vya pembeni. Sikuwa nimemaliza kusema, redio ikatoa sauti ya mtoto, karibu, safi, ile ambayo wimbo wa Mama ulikuwa umeifunika miaka yote.

"Eee, nakuja."

Baba aliizima. "Huyo ni Nashipae."

"Ni yeye, Baba."

Aliigeuza redio mkononi. "Anamwitikia nani?"

Mama alikuwa anaimba. Baba alikuwa kwenye vidude vya redio, mimi kwenye kayamba. Hakuna aliyemwita. Tulirudisha nyuma tukasikiliza kabla ya lile neno, na hapo hapakuwa na kitu ila upepo. Ulikuwa mchana wa jua kali, na bado nilimsogelea Baba.

Nilirudi Kitengela nikaligeuza wimbi likakaa sawa. Mama akarudi katikati, mzima kabisa, na Nashipae akazama chini yake kama zamani. Nikampa Baba rekodi zote mbili, ya Mama na ile ya Nashipae. Ya Mama huisikiliza asubuhi na chai.

Siku hizi mtoto anarekodiwa hata kitovu hakijakauka, simu imejaa sauti yake, na hakuna anayerudi kuisikiliza. Sisi tulikuwa na kaseti moja, na ndani yake maneno mawili. Natamani tungekuwa na mengine. Ningeridhika hata na kilio chake akinyimwa sukari.

Wiki iliyopita nilifika nyumbani alasiri bila kupiga simu. Baba alikuwa kivulini pale pale, redio sikioni, kayamba ikilia bila sauti ya Mama. Alikuwa anaijua ile rekodi kwa moyo sasa. Karibu na lile neno, aliinamisha mdomo kwenye redio, akaita polepole, "Nashipae." Akangoja kidogo, akaita mara ya pili, "Nashipae."

"Eee, nakuja," mtoto akaitika.

Baba aliinua macho akaniona nimesimama. "Sasa ni mimi nimemwita," akasema.