Mti Ulionuna

Mgema mpira hupapasa gome kabla ya kulichanja, kama mama anayepima homa ya mwanawe kwa kiganja. Mkwewe, mkemia kiwandani, alimweleza kwamba mpira ulio kwenye utomvu wa mti ni isoprini, vijipande visivyoonekana vilivyoshikana mikono, ndiyo maana huvutika bila kukatika. Mti mmoja ulisusa kutoa utomvu tangu alipouchanja kwa pupa. Akauacha upumzike, lakini kila asubuhi huupitia: "Umeamkaje, mwenzangu? Bado umenuna?"

"Mama, mti hausikii," mkwewe alimcheka leo.

"Si ulisema vijipande vyake vimeshikana mikono? Kikisikia kimoja, kitavuta vingine."

Akaligusa gome kwa ncha ya kisu. Tone jeupe likachungulia, likasita, kisha likashuka, likivuta la pili.