Nilijiita Ndugu ya Marehemu

Musinicheke. Sikuwa nimelewa, na homa sikuwa nayo. Hii mambo ilinipata mimi mwenyewe, asubuhi, macho wazi.

Wakati ile nilikuwa na wazimu ya kuona dunia, na makuta kidogo mu mufuko, pesa ya njia. Nilitoka Sake kwa mguu, naenda Walikale na mbele zaidi. Ujanja yangu ilikuwa moja: kufuata kilio. Penye watu wanaomboleza, mugeni anapata kula, fufu na majani ya sombe, na mukeka ya kulalia, na hakuna mwenye kumufukuza.

Pale Nyabiondo nikakuta kilio ya kijana mumoja. Foto yake ilikuwa juu ya meza, amevaa shati ya kijani. Papa yake akaniuliza mimi njo nani. Nikasema, bila haya, mimi ni ndugu yake wa upande wa mama. Nikaona watu wote wanapumua kama wametua muzigo, lakini sikujiuliza sababu. Wakanipa nyama. Nikala, nikalala vizuri, na mapema nikatoroka, mazishi hata bado.

Ku mulima, ukungu ilikuwa nyeupe kama maziwa, sioni hata miguu yangu. Muntu akaanza kutembea pembeni yangu, polepole. Sikuogopa, uniamini; ilikuwa tamu, kama kutembea mu usingizi. Kisha nikaona shati ya kijani.

"Kaka," akasema, "walikuwa wanangoja watu wa upande wa mama wafike njo wanizike. Ulipofika, wakawaza mama anajua. Mama iko Kashebere, anapanda maharagi. Hajui."

Ukungu ikafunguka. Nilikuwa peke yangu.

Nilikimbia, we, nilikimbia. Kashebere, mu shamba kando ya barabara, nikakuta mama mumoja na mbegu mu mukono, sura ni ileile ya foto. Nikamuambia yote. Hakulia. Makuta yangu yote ya kuona dunia nikamupa motari, atupeleke sisi wawili na pikipiki yake.

Tulifika Nyabiondo wakati wanapigapiga udongo ya kaburi na jembe. Mama akasimama pale, akauliza mbele ya wote, hata kama alijua: "Nani alikuja mu jina langu?"

Watu wakaniangalia. Wangeangalia nani mwingine?

Tangu siku ile, kila musimu ya maharagi niko Kashebere, namulimia. Ananiita mutoto yangu, na kila akiniita nasikia haya mupya. Mbele ya Kashebere sijawahi kufika.

Wewe mwenye kusafiri bila kitu, omba maji, omba mahali pa kulala, lala njaa kama inabidi. Lakini wakikuuliza penye kilio wewe njo nani, sema kweli. Pengine kuko mama ambaye bado hawajamuita.