Kadi ya Picha Niliyoipeleka Kathonzweni

Nilifunga safari hii kwa sababu ya shemeji yangu Mutinda, mume wa dada yangu mkubwa, Syombua. Mutinda alikuwa dereva wa basi la Kitui kwenda Mombasa, na alikuwa dereva wa kujivunia, wa kupiga honi mbali ili watu wa stendi wajue ni yeye. Kisha basi lilipinduka usiku wa mvua. Abiria walitoka na michubuko, ila miguu yake haikusimama tena. Akarudi nyumbani Kathonzweni, akakaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, na kwa muda mrefu hakuna aliyemsikia akicheka.

Mtoto wao wa kwanza, anayefanya kazi Mombasa, ndiye aliyemletea kompyuta. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa mbio za magari. Hapo mzee akafufuka. Kwenye kompyuta gari halikuulizi miguu. Mafuta ni kidole, breki ni kidole. Tatizo lilikuwa kwamba kadi ya picha ya mashine ile, kile kipande cha ndani kinachochora picha kwenye kioo, ilikuwa ya watu wa kuandika barua. Gari likikaribia kona picha inakwama, na ikifunguka, gari limeshapinduka.

Dada alinipigia simu kutoka posta ya mji wa Wote. Mimi naishi Kitui mjini, natengeneza redio na televisheni, na kompyuta nilijifunza zilipoanza kuingia maofisini.

"Kioko," akasema, "kila akicheza anaanguka tena. Gari likipinduka namuona uso wake. Si ungetafuta ile kitu inafanya picha itembee vizuri?"

Nikamwambia ipo, ila ni ghali. Wiki hiyo hiyo akauza dume lake la kulimia.

Kitui mjini. Septemba ya mwaka wa tisini na nane, jua kali na vumbi kila mahali. Nilikwenda kwa Salim, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti. Watu wake walitoka pwani zamani, na ndugu zake walimpokelea mizigo Mombasa. Nilipomweleza, akaniuliza kama nataka ya kawaida au ile kubwa. Nikakumbuka maneno ya shemeji ambayo dada alinipa kwenye simu: yeye hajawahi kuendesha basi la kawaida. Nikaagiza kubwa.

Ilipofika, Salim alilifungua boksi mbele yangu polepole. Kadi ilikuwa na feni yake, na ilikuwa nzito kwa kitu chembamba vile. Aliniachia niitazame ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha.

"Sikiza, ndugu yangu," akasema. "Usiitoe katika mfuko huu mpaka mashine iko wazi mbele yako. Mwili wa mtu una umeme, hasa majira haya ya ukavu. Wewe huuoni, lakini kadi yauona."

Nikamwambia nayajua hayo. Na kweli niliyajua.

Ijumaa asubuhi niliondoka Kitui kwa basi la Machakos, boksi mapajani. Tulipita Kwa Vonza, tukavuka daraja la Athi, na mto ulikuwa mchanga mwingi na maji kidogo. Wamunyu wachongaji walikuwa tayari wamekaa nje, vumbi la mbao miguuni. Mama niliyekaa naye aliniangalia ninavyolikumbatia boksi kila tukiingia shimoni, akashindwa kuvumilia.

"Hiyo ni chanjo ya ng'ombe?"

"Hapana, mama. Ni ya kompyuta."

"Na inaogopa kutikiswa namna hiyo?"

"Inaogopa vitu vingi."

"Basi ungeiacha nyumbani," akasema, akageukia dirisha.

Machakos nilibadilisha gari. Kola kulikuwa na baridi, ukungu ukiwa bado umeshika vilima vya upande wa kulia, na watu walikuwa wamevaa makoti mazito. Kutoka Mukuyuni barabara inateremka na joto linakupokea. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeila lami, na dereva alikuwa akihama upande huu na ule kutafuta mahali pa kupita. Mjini Wote nilikula chapati na maharagwe haraka, nikapata pikapu iliyokuwa inarudisha magunia matupu Kathonzweni.

Kathonzweni nilifika jua likiwa limelegea. Mahindi yalikuwa yameisha shambani, mabua tu yamesimama. Nyumba ya dada iko nyuma kidogo ya soko. Alinipokea mlangoni, akalichukua boksi kwa mikono miwili, akalipeleka moja kwa moja chumbani, kisha ndiyo akarudi kunisalimu mimi.

Shemeji alikuwa dirishani.

"Umekuja, shemeji. Mukuyuni mmeteremka na gia gani?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia! Umepita mteremko wote ule na hukuangalia?" Akacheka. "Wewe utakufa abiria."

Muthokoi wa jioni ile, mahindi yaliyokobolewa, ulikuwa na mbaazi mbichi, na shemeji alikula huku akieleza kona za ule mchezo moja moja, ipi unaingia ukiwa umepunguza mwendo na ipi unaikata kwa ndani. Sijawahi kumwona akisubiri kitu namna ile. Dada alikuwa akimwangalia zaidi kuliko alivyokuwa akila.

Jumamosi asubuhi. Umeme ulikuwa haujafika nyumba zile, kwa hiyo kompyuta ilitumia jenereta ya kanisa, ile ya vipaza sauti vya Jumapili. Ililetwa kwa mkokoteni wa punda, na pamoja nayo wakaja akina mama wa kikundi cha maombi ambacho dada ndiye kiongozi wake. Walivaa sweta zao za sare, za buluu, za nailoni, na wakaketi kwenye viti vilivyofunikwa plastiki. Sikushangaa. Huko kwetu kitu kipya hakianzi kazi kabla ya kuombewa. Cherehani huombewa, pampu ya maji huombewa, na hata baiskeli ya mwalimu niliwahi kuiona imezungukwa na watu wamefumba macho.

Nilifungua mashine, nikatoa kadi ya zamani, nikapuliza vumbi. Nikagusa chuma cha boksi la mashine ili umeme wa mwilini mwangu ushuke, kisha nikaitoa kadi mpya kwenye mfuko, nikiishika pembeni. Akina mama wakaguna kwa kuipenda. Feni yake ilikuwa inang'aa.

"Ngoja," dada akasema. Akainuka kutoka kwenye kile kiti chenye plastiki, naye amevaa sweta ile ile ya sare. "Kioko, hii kitu imetoka mbali sana. Haiwezi kuingia kazini bila sisi kuiwekea mikono."

"Dada, afadhali isiguswe. Salim amesema..."

"Salim anaiuza. Sisi tunaiombea."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Akanyoosha mkono. Kidole chake kilipokaribia kadi nikaona cheche ndogo, ya buluu, na nikasikia mlio wa kijiti kinachovunjika. Umeme ulinipata hata mimi kwenye vidole. Dada akarusha mkono nyuma, akaushika kwa mwingine, macho yamemtoka.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona jamani? Nguvu imeshuka!"

Nyumba nzima ikalipuka kwa haleluya. Wakaizunguka kadi, mikono kumi, kumi na tano, sijui, wakaomba kwa Kikamba na Kiswahili mpaka dada akalia. Aliomba mume wake apewe tena njia yake. Alisema hivyo hivyo, apewe njia yake. Mimi nilisimama katikati nikiwa nimeshika ile kadi, na tayari nilijua cheche ile imepiga wapi.

Niliifunga. Nikakaza skrubu, nikarudisha nyaya, nikawasha. Kioo kilikuwa cheusi. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu na mingine mifupi, kama zinavyolia zisipoiona kadi ya picha. Nikaitoa, nikafuta meno yake yanayoingia kwenye mashine, nikairudisha. Mlio ule ule. Nikairudisha kadi ya zamani, na mchezo ukafunguka mara moja na picha zake za kukwama kwama. Hapo hakukuwa na la kubahatisha tena. Ile mpya ilikuwa imekufa.

Dada akanisogelea.

"Imekataa?"

"Imekataa."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Sijui hadi leo ningesema nini, kwa sababu shemeji alinitangulia kutoka pale dirishani.

"Ni barabara," akasema kwa sauti ya stendi. "Syombua, ile barabara ya Wote imeitikisa hii kitu siku nzima. Hata mimi ningevunjika."

Akina mama wakakubaliana naye. Kila mmoja alikuwa na chake kilichowahi kuharibiwa na barabara ile: mayai, redio, mgongo. Wakaifariji nyumba, wakaimba wimbo mmoja, wakaondoka na jenereta yao.

Alasiri nilimsukuma shemeji hadi nje, penye kivuli cha nyumba. Dada alikuwa amekwenda kuteka maji.

"Niliiona ile cheche," akasema. "Nimeshika betri za basi maisha yangu yote, shemeji. Najua cheche."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Tangu ajali, Syombua anaomba nisimame. Asubuhi, jioni, kanisani, jikoni. Hajawahi kusikia chochote. Leo amesikia. Sasa wewe unataka nimwambie ulikuwa umeme wa sweta?"

Nikainama, nikaondoa kijiti kilichonasa kwenye gurudumu la kiti chake.

"Tuseme ni barabara," akasema. "Imenichukulia miguu, haitakasirika tukiiongezea na hii."

"Na wewe je?"

"Mimi niliendesha vya kutosha."

Alikuwa akidanganya, na alijua kwamba najua. Nilisikitika mpaka nikashindwa kumwangalia. Usiku uliopita tu alikuwa amenihesabia kona zote za ule mchezo.

Jumapili tulikwenda kanisani. Dada alisimama kutoa ushuhuda. Aliinua ule mkono, akaeleza jinsi nguvu ilivyompita kidoleni, na kwamba kifaa kilishindwa na barabara lakini Mungu hakushindwa. Amina ya Mutinda ndiyo iliyosikika kuliko zote. Ya kwangu ilichelewa.

Jumatatu nilirudi Kitui kwa njia ile ile. Mukuyuni nilikumbuka kuangalia gia, lakini kutoka nyuma nilikokaa mkono wa dereva haukuonekana.

Salim aliichukua kadi, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza.

"Nani aliishika?"

"Hakuna. Ni barabara."

"Barabara haiui kadi namna hii," akasema taratibu. Kisha akairudisha katika mfuko wake wa fedha, akanikabidhi, na hakuniuliza tena. Mpaka leo nikipita dukani kwake naona aibu, maana yeye alinipa kitu kizima na maelekezo mazima.

Watu wa nyumbani huniuliza safari ile ilinifunza nini. La kwanza ni la kazi, na ni jepesi mpaka linaniudhi. Ningesema tu, "Dada, iombeeni ikiwa ndani ya mfuko wake." Wangekubali bila neno. Hakuna aliyeamini kwamba maombi yanazuiwa na mfuko. Lakini nilianza na jina la Salim, halafu wakacheka, nikacheka nao, na kicheko kile kikanila ulimi. La pili ni kwamba kuna ukweli ambao ukishauchelewesha kidogo tu unakuwa si wako tena kuusema. Unakuwa wa yule atakayeumia nao, na mara nyingine mtu wa tatu ameshaulipia.

Mwaka mpya ulipoanza dada alinipigia simu tena. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Aliniuliza watoto, akaniuliza kazi, akasema mvua imewafikia.

"Na shemeji?" nikauliza. "Bado anaanguka na lile gari?"

"Hata kompyuta haiwashi siku hizi. Nimeifunika na kitambaa. Anakaa tu pale dirishani, ametulia, wala hasemi tena mambo ya kuendesha." Akashusha pumzi, na nilimsikia akitabasamu. "Unajua nimefikiria nini, Kioko? Labda ile nguvu haikuwa ya kadi. Labda ilikuja kumpa amani."

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake pale posta; nilisikia kelele zao.

"Labda, dada," nikamwambia. "Labda ni hivyo."