Lete Kwanza Bwana Yako

Nilitaka ile kubwa. Naanza na hapo kwa sababu kila aliyeingilia habari hii alitaka kwanza nimpe sababu, na mimi sikuwa na sababu nyingine ya kumpa. Kwenye uwanja wa kampuni pale Nyamityobora, Mbarara, yalisimama malori mawili yasiyo na madereva. Moja lilikuwa Kanta ndogo, ya kukusanya mahindi na maharage Nakivale na Oruchinga, kuyashusha Mbarara, na jioni dereva anarudi nayo nyumbani. Jingine lilikuwa lori kubwa la kupeleka matoke Kampala, lenye kabini ndefu na kitanda nyuma ya viti. Sisi Wakongo kitanda kile tunakiita kushete. Nilipokiona nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Tulikuwa madereva wapya wawili, mimi na kijana mmoja Mnyankole ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajaribu. Wote tulikuwa na pamiti ya magari makubwa. Wote tulipewa mtihani asubuhi ile kwa lori lile lile kubwa, na yeye ndiye aliyegonga pipa la maji wakati wa kurudi nyuma. Mimi sikugusa kitu. Bosi, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, akatusimamisha mbele ya malori akasema, "Sasa kila mtu achague. Ndogo ama kubwa." Kijana akaniachia nitangulie, adabu alikuwa nayo. Nikasema kubwa.

Bosi akacheka kidogo, kama unavyomcheka mtoto aliyeomba bia. "Wewe mama, iko na bwana?"

Nikamwambia ninaye, yuko nyumbani, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

"Basi lete kwanza bwana yako. Yeye aseme. Kubwa inalala njiani, na mimi hapana taka maneno ya watu."

Upole ule ndio ulioniudhi. Angenitukana ningejua pa kumshika. Nikamuuliza kama na huyu kijana ataenda kumleta mke wake aje aseme. Kijana akaangalia viatu vyake. Bosi akanijibu kwamba kijana ni mwanaume, akalitamka taratibu kana kwamba ananifundisha kitu, akaingia ofisini na funguo zote mbili mfukoni.

Sasa nimseme huyo bwana. Kwetu alikuwa shofere wa malori, Uvira kwenda Bukavu, kwa njia ile ya Ngomo ambako ukikosea breki unashuka bondeni wewe na mzigo wako. Kuendesha alinifundisha yeye. Tulipokuwa tumeoana karibuni alinichukua safarini, na tukifika kwenye uwanda wa Ruzizi, fasi barabara imenyooka, alisimamisha lori, akanipa usukani, yeye akapanda kwenye kushete akalala chali. Hakuangalia barabara wala mikono yangu. Alisikiliza injini tu, akanitajia vitesi, yaani gia kama wanavyosema huku: "Tatu. Sasa." Nikichelewa, alipiga ubao wa kabini kwa kisigino. Mpaka leo nikibadilisha gia nakisikia kisigino kile.

Halafu siku moja wakati wa kupakia, mbao zilimwangukia zikamvunja nyonga. Kabla haijapona vita vikatufikia, tukakimbia, ikaunga vibaya. Kukaa hawezi muda mrefu. Anasimama au analala. Daktari mmoja wa hospitali ya Ruharo alimwambia kiti cha dereva akisahau. Hakukisahau. Akipanda gari la mtu, hata mwendo wa kwenda sokoni, hafumbi macho. Anamkodolea dereva, na mguu wake mzima unakanyaga sakafu kana kwamba breki iko kwake. Kupata usingizi ndani ya gari analoendesha mtu mwingine, hilo sikuwahi kuliona kwake, hata siku zile mwingine huyo nilipokuwa mimi.

Nikampelekea maneno ya bosi. Nilidhani tutakasirika wote. Akaomba maji ya kunywa. Kesho yake akavaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, tukaenda Mbarara.

Ofisini bosi alimpa kiti, mimi sikupewa, na kiti chenyewe hakikukaliwa. "Mzee," bosi akamwambia, "bibi yako nataka kubwa. Wewe nasema nini?" Bwana yangu akaliangalia lori kupitia dirishani. Aliangalia sana, hata nikaanza kufurahi, nikijua ninavyomjua kwamba analipenda.

"Apewe ndogo," akasema.

Wakapeana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao kama mbuzi aliyeuzwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimesikia. Nilitoka nje haraka, maana maneno yaliyokuwa mdomoni hayakuwa ya kutamkwa mbele ya wageni. Kumkasirikia bosi kulikuwa rahisi, bosi ni mtu wa nje. Lakini huyu wangu, mwenye kinywa kile kile kilichoniambia "Tatu, sasa", nilishindwa hata kumtazama. Njia yote ya kurudi Nakivale nilikaa nimempa mgongo, naye alikuwa anamkodolea dereva.

Nikaendesha ndogo. Gari lenyewe sina neno nalo, linapita vinjia vyembamba na halisumbui. Kila jioni nilikuwa nyumbani kama walivyotaka. Nilipika, nilimwekea chakula mbele yake, nikageukia ukuta. Kina mama wa kanisa wakaja kunipongeza kwamba Mungu amenisaidia nikae karibu na batoto, watoto wetu. Mmoja akanieleza kuwa malori makubwa yana mapepo ya barabarani. Nikamwambia hata dogo langu linayo, nimeyapakia mwenyewe. Waliondoka bila kumaliza chai, na wakawa na la kusema wiki nzima.

Kilichonimaliza ni jambo moja. Lile lori kubwa, likiendeshwa na yule kijana, lilikuwa linapita barabara ya kwetu likienda kupakia matoke vijijini. Kila likipita, bwana yangu aliacha alichokuwa anakifanya, akachukua fimbo, akaenda kusimama barabarani mpaka vumbi likae chini. Kanta yangu ililala mlangoni pake kila siku, na hakuwahi hata kuigonga tairi kwa mguu.

Jumapili moja nikamfuata pale pale kwenye vumbi. Nikamuuliza, "Baba ya batoto, unaangalia nini?"

Akasema kijana anachelewa kubadilisha vitesi, ataua ile mashini.

"Basi mi ulininyima kwa nini?"

Akaanza habari za batoto, akaendelea na batu, kwamba batu batasema. Nikamwambia asiwasingizie watu, watu wamenisema tangu nizaliwe na bado nakula. Kisha akasema, na sauti haikuwa ile ya kuombea maji:

"Unataka mi nilale kwa mkeka, wewe upite fasi hii na ile lori, mi nikae nahesabia vitesi zako? Ile kazi ni yangu. Ilikuwa yangu."

Nilimhurumia. Naapa nilimhurumia, na huruma yenyewe haikupunguza hasira hata tone. Nikamwambia nyonga iliyovunjika ni yake, mbona miguu iliyokatwa ni yangu. Alirudi nyumbani peke yake, na mimi nikabaki barabarani nikiogopa nilichokisema lakini sikutaka kukirudisha.

Tukaishi hivyo, maneno machache, chakula kipo. Mpaka siku moja nilipokuwa nashusha maharage Mbarara, nikamwona bosi anakuja mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, jasho linamtoka, funguo mkononi. Yule kijana alikuwa ameacha kazi asubuhi ile. Amechoka kulala njiani, amepata pikipiki ya kuendesha mjini. Na lori lilikuwa uwanjani limejaa matoke mpaka juu. Matoke hayangoji mtu. Jua likiyachoma yanaanza kuiva, na Kampala wanataka mabichi.

"Mama, chukua kubwa," bosi akasema. "Twende. Saa hii hii."

Hakuuliza bwana, wala habari ya kulala njiani. Yale maneno ya watu aliyoyaogopa sana sijui yalikuwa yamekwenda wapi. Nilihisi masikio yanawaka. Miezi yote ile, kumbe sharti lake lilikuwa halina uzito wa mkungu mmoja wa ndizi.

"Siwezi, bosi," nikasema. "Bwana yangu alisema ndogo. Mpaka aseme yeye."

"Piga simu."

"Hapana. Wewe ulisema aletwe."

Nikakaa juu ya gunia la maharage, nikakunja mikono. Alinitazama kuona kama natania. Nilikuwa sitanii. Mwishowe akatuma gari lake mwenyewe, na dereva wake mwenyewe, kwenda Nakivale kumchukua mkimbizi mwenye fimbo. Yeye akawa anazunguka lori, anabonyeza ndizi kwa kidole gumba, anaguna. Mimi nilikuwa nimekaa vizuri kuliko nilivyowahi kukaa pale.

Bwana yangu alishuka macho mekundu kwa kumchunga dereva wa watu. Safari hii hakuwa na koti, alikuja na shati lake la shambani. Bosi akamkimbilia. "Mzee, saidia mimi. Sema tu bibi aende."

Bwana yangu akanitazama mimi. Sikumsaidia hata kwa kope. Nilitaka aseme mbele ya mtu yule yule, fasi ile ile alikoninyima.

Akalizunguka lori, akagonga tairi moja moja kwa fimbo. Aliporudi mbele akauliza, "Kushete iko mzima?"

Bosi akasema ipo, nzima, lakini kampuni haikubali abiria.

"Mi si abiria," bwana yangu akasema. "Mi ni taniboi yake."

Taniboi ni yule wa kuweka jiwe nyuma ya tairi, kufuta vioo na kulinda mzigo dereva akienda kula. Enzi zake huyu mzee alikuwa nao wengi, na aliwafokea wote. Bosi alicheka, akidhani ni mzaha, akakuta anacheka peke yake.

"Na batoto?" nikamuuliza.

"Niliwaacha kwa jirani. Nilimwambia hatutalala nyumbani."

Kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hapo hasira ikanipanda upya, maana lile neno la batoto alilonipiga nalo alilimaliza kwa kusimama dakika moja mlangoni kwa jirani. Alitanguliza fimbo ndani ya kabini, kisha akaniomba bega apandie. Nikampa. Bosi akaja dirishani, akamshukuru mume wangu sana, akanipa mimi funguo bila neno.

Nilitoka Mbarara nimeuma meno. Hakuna aliyekuwa ameniomba radhi, si yule wa ofisini wala huyu wa nyuma yangu. Tulipokaribia Biharwe nikamwambia bila kugeuka, "Usinitajie vitesi." Kimya. Kwenye mlima wa kwanza nikachelewa makusudi kurudi tatu, injini ikalia, nikangoja kile kisigino kwenye ubao. Kikipiga tu, nilikuwa tayari kumwaga yote, tangu ile "apewe ndogo" mpaka jirani. Hakikupiga. Nikarudi tatu, nikarudi mbili, nikavunja adabu zote alizonifundisha, kimya tu.

Tulipofika tambarare nikageuka. Amelala chali, fimbo juu ya kifua, mdomo wazi, anakoroma. Mtu asiyefumba macho kwenye gari la mtu mwingine. Maneno yangu ya miezi yote yako tayari, na wa kuyasikia amelala kama mtoto aliyeshiba.

Nilitaka kumwamsha nianze na la kwanza. Mbele yetu kulikuwa na matuta ya barabarani ya Sanga. Nikapunguza mwendo mapema, nikayapita moja moja, polepole.